Kuvuta kwa Trekta: Mashindano Yanayoweza Kufundisha

Mashindano ya kuvuta kwa trekta huamuliwa kwa umbali. Trekta huburuta sleji yenye uzito unaosogea mbele kadiri inavyokwenda. Msuguano hupanda mpaka trekta ikwame, na aliyefika mbali hushinda. Umbali huo hausemi kwa nini trekta ilikwama, na kwa mkulima hilo ndilo swali kubwa. Kama magurudumu ya nyuma yaliteleza, inahitaji uzito zaidi au matairi bora. Kama injini ilizidiwa, uzito hautasaidia kitu. Magurudumu ya mbele yakinyanyuka, hapo kuna hatari ya kupinduka.

Kani ya kuvuta inaweza kupimwa kwa silinda ya haidroliki yenye geji, iliyofungwa kati ya trekta na mzigo. Mafuta yakisukuma eneo la sentimita 20 za mraba na geji ikasoma bar 100, kani ni niutoni 20,000, karibu uzito wa tani 2. Trekta hiyo ikipita mita 20 kwa sekunde 10, kasi yake ni mita 2 kwa sekunde, na nguvu inayofika kwenye mzigo ni kilowati 40, yaani takriban nguvu za farasi 54. Mtelezo wa magurudumu nao hupimwa kwa alama ya chaki kwenye tairi: gurudumu likizunguka mara 5 bila mzigo na mara 6 likiwa na mzigo katika umbali uleule, takriban asilimia 17 ya mzunguko imepotea bure, pamoja na dizeli yake.

Mashindano yakifanyika katika kata kama Ntobeye, wilayani Ngara, kwenye nchi ya vilima, uwanja wenyewe lazima upimwe kwanza. Trekta ya tani 3 ikipanda mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 10 hutumia karibu niutoni 3,000 kujipandisha yenyewe tu. Kwa hiyo kila trekta ivute kwenda na kurudi, kisha ichukuliwe wastani. Pia injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza kwa kawaida karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko kutoka usawa wa bahari, hivyo namba za kwenye kijitabu cha mtengenezaji zisitarajiwe milimani.

Vipimo vya namna hii vina historia. Jimbo la Nebraska, Marekani, lilipitisha sheria ya kupima trekta mwaka 1919, baada ya wakulima kuuziwa mashine zisizofanya yaliyotangazwa. Tanzania ina kituo cha CAMARTEC, Arusha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1981, ambayo kazi zake ni pamoja na kupima zana za kilimo.

Wanafunzi wa sekondari, wanaosoma msuguano, kazi na nishati darasani, wanafaa kushika saa, kuhesabu mizunguko na kuandika majibu ubaoni mbele ya wakulima. Jozi ya maksai ipimwe pia, ili mwenye jembe la kukokotwa ajue ana nguvu kiasi gani. Geji isomwe kwa mbali au ipigwe picha, kwa kuwa mnyororo ukikatika huruka kwa kishindo. Watazamaji wakae pembeni, mbali na mstari wa kuvuta, na mzigo ufungwe chini ya usawa wa ekseli ya nyuma.