Je, Wajua? Jiji Lililokodisha Kando za Barabara Zake

Chicago, Marekani, ilikodisha mita zake za maegesho, zaidi ya 36,000, kwa miaka 75! Desemba 2008 madiwani waliupitisha mkataba huo baada ya siku chache tu za kuutazama. Jiji lilipata dola bilioni 1.15, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikatumika ndani ya miaka michache. Mkataba utaisha 2084. Mtoto aliyezaliwa wakati ule atakuwa mzee.

Katikati ya jiji, ada ya saa moja ilipanda kutoka dola 3 hadi 6.50 kufikia 2013.

Linalouma zaidi ni hili: jiji likifunga barabara kwa tamasha au matengenezo, linapaswa kuifidia kampuni iliyozikodi mita hizo. Barabara ni ya wananchi, fidia wanalipa wananchi.