Njia ya Kuwa Mhandisi wa Mitambo ya Kufua Umeme

Kituo cha kufua umeme cha Nyakato, chenye uwezo wa takriban megawati 60, hakiko mbali na kata yetu ya Mabatini. Kijana atamaniye kusimamia mitambo ya namna hiyo huanza safari akiwa sekondari: akiacha Fizikia Kidato cha Tatu, mlango wa uhandisi hujifunga mapema.

Kidato cha Tano husoma Fizikia, Kemia na Hisabati (PCM), kisha shahada ya uhandisi umeme au mitambo kwa miaka 4. Aliyeishia Kidato cha Nne aweza kuanzia stashahada ya ufundi na kujiendeleza. Mhitimu wa shahada hufanya kazi chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Wazazi, ketini na mwanenu pamoja na mwalimu wake kabla hajachagua masomo.