Kutazama Kabla ya Kufasiri: Sanamu za Kenyatta Avenue na Mwanafunzi wa Kariokor

Katika shule za mitaa ya Eastlands, Nairobi, kama ilivyo katika shule nyingine nyingi nchini Kenya, mwanafunzi aonyeshwapo mchoro au sanamu na kuulizwa anaona nini, aghalabu hasemi anachokiona. Husema analodhani kuwa ndilo funzo. Mbele ya sanamu ya askari atajibu kwamba inatufundisha uzalendo. Mbele ya picha ya mama aliyempakata mtoto atajibu kwamba inatuonyesha upendo. Majibu hayo yametokana na mazoea ya somo la fasihi, ambamo kitabu kilichoteuliwa husomwa kwa kusakwa dhamira na maudhui, kwa kuwa ndiyo yatakayotuzwa alama. Hata hivyo, jibu la namna hiyo laweza kutolewa na mtu aliyefumba macho.

Kasoro hii huhesabiwa kuwa ya walimu wa sanaa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni kasoro ya lugha pia, na kwamba mwalimu wa Kiswahili anazo zana za kuitibu ambazo mwenzake wa sanaa huenda hanazo. Mfano utakaotumiwa uko karibu: ni kundi la sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928 katika barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, na ambayo wakati wa ukoloni ilikuja kuitwa Delamere Avenue. Mchongaji wake alikuwa Mwingereza James Alexander Stevenson. Sanamu ya Lord Delamere mwenyewe, iliyokuwa katika barabara hiyohiyo, iliondolewa nchi ilipopata uhuru. Hizi tatu zikabaki. Maelfu ya wakazi wa Eastlands huzipita kila siku.

Mwanafunzi wa Kariokor ana haki ya pekee juu ya sanamu hizo, ijapokuwa mara nyingi hajui. Jina la mtaa wake, ulio jirani na Ziwani na Starehe, ni jina la Kiingereza Carrier Corps lililopita katika vinywa vya watu mpaka likawa neno la kienyeji. Kariakoo ya Dar es Salaam ni ndugu yake wa tumbo moja. Kikosi hicho kilikuwa cha wachukuzi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914-1918. Vita hivyo vilipiganwa katika nchi ambamo barabara za magari zilikuwa chache na mbung'o waliwaua farasi na nyumbu, kwa hiyo risasi na chakula cha jeshi vilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu. Wachukuzi waliokufa kutoka Kenya pekee wanakadiriwa kuwa zaidi ya 40,000, wengi wakiuawa na kuhara damu, malaria na njaa kuliko risasi. Miongoni mwa wale watu watatu wa shaba, mmoja ni mchukuzi.

Darasa lifikapo mbele ya sanamu hizo, mwalimu asianze na historia hii. Aanze na vitenzi. Kiswahili ni tajiri mno katika vitenzi vya mkao na vya mzigo, na utajiri huo hulilazimisha jicho kuchagua. Mtu hawezi kusema tu kwamba mchukuzi "ana mzigo". Je, amejitwika, yaani mzigo uko kichwani? Ameubeba begani? Ameushika mkononi, ameuning'iniza, au ameutua? Kutwika na kutua ni vitenzi viwili vinavyopingana, na mwanafunzi hawezi kukitumia kimojawapo bila ya kuinua macho na kuhakikisha. Vivyo hivyo kwa mwili: amesimama wima, ameegemea, ameinama kidogo, amekaza shingo? Uzito wake umelala juu ya mguu upi? Nani amevaa viatu, na nani hana?

Hapa pana jambo la sarufi linalostahili kusemwa kwa kirefu, kwani wanaisimu wamelizungumza sana bila ya kulipeleka darasani kwa njia hii. Vitenzi vya mkao katika Kiswahili huonyesha hali kwa kiambishi -me-. Mtu aliye wima "amesimama". Tukisema "anasimama" tunamwona akiinuka. Sasa mwalimu na aweke kando ya sanamu za Nairobi picha ya ile ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji huyohuyo, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya von Wissmann. Kule juu ya jiwe yuko askari mmoja peke yake, ameielekeza singe ya bunduki yake mbele, upande wa bandari. Mwanafunzi akitakiwa kumwelezea kwa sentensi moja, atajikuta akisema kwamba askari huyo "anasonga", "anakwenda", "anashambulia". Wale wa Nairobi "wamesimama". Tofauti ya nia ya mchongaji, ambayo mhakiki angeieleza kwa ukurasa mzima, imeangukia katika -na- na -me-. Mwanafunzi aliyeigundua mwenyewe hahitaji kuambiwa kwamba sanamu moja ni ya vita na nyingine ni ya baada ya vita. Ataanza kuuliza kwa nini.

Njia ya kuwauliza wanafunzi badala ya kuwahubiria si ngeni. Nchini Marekani, mwanasaikolojia Abigail Housen na Philip Yenawine, aliyekuwa akiongoza kazi za elimu katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa mjini New York, walibuni mbinu iliyojengwa juu ya maswali matatu: kunatendeka nini katika picha, mtazamaji ameona nini hata akasema hivyo, na ni kipi zaidi kinachoweza kuonekana. Swali la pili ndilo lenye manufaa makubwa zaidi. "Umeona nini hata ukasema hivyo?" ni Kiswahili safi, tena ni swali ambalo mzee yeyote wa baraza angelimwuliza shahidi. Lakini mbinu hiyo humtaka mwalimu ajizuie sana kutoa habari za nje ya picha, na mbele ya sanamu za Kenyatta Avenue kujizuia huko kukipita kiasi kutakuwa kosa. Yapo mambo ambayo jicho haliwezi kuyaona kwa sababu hayapo.

Chini ya sanamu pana maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maneno ya Kiingereza ni ya Rudyard Kipling. Yanawaita wachukuzi miguu na mikono ya jeshi, na mwishoni yanamwahidi anayekufa akiipigania nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Mwanafunzi ayanakili maandishi ya Kiswahili herufi kwa herufi, pamoja na tahajia yake, na aandike ni neno gani limetumiwa kwa mchukuzi. Lugha hii ina mpagazi wa misafara, hamali wa bandarini, na mchukuzi wa jumla, na maneno hayo hayalingani kwa heshima. Kisha aulizwe: jina gani limeandikwa hapa? Atazunguka jiwe lote. Hakuna hata moja.

Hapo ndipo historia iingie, na iingie kwa ukamilifu. Kitabu cha Geoffrey Hodges juu ya kikosi cha wachukuzi, kilichotolewa mwaka 1986, chaweza kumsaidia mwalimu. Zaidi ya hicho, mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au huenda hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi yaweza kufika 350,000. Mwanafunzi aliyekwisha kulizunguka jiwe ataipokea habari hiyo tofauti na yule aliyesomewa darasani.

Wapo watakaosema kwamba sanamu ya kikoloni haifai kuwa mfano, na kwamba Eastlands ina sanaa yake. Inayo, na njia ni ileile. Kikundi cha Wajukuu Art Project cha Lunga Lunga, Mukuru, kilijenga kwa mabati njia ya giza ya kuingilia jumba la maonyesho la documenta mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 2022, na mwaka huohuo kikapewa tuzo ya Arnold Bode. Wajerumani waliinama kuyatazama mabati ambayo jirani wa Mukuru huyapita bila ya kuyatupia jicho. Mwanafunzi wa huko aanze na bati la nyumba ya kwao: limeshika kutu wapi, limetobolewa na misumari mingapi, limepindwa au limekunjwa?

Limebaki suala la kusahihisha. Sanaa imerudi katika ratiba kwa mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, lakini walimu wengi bado wanasahihisha kwa jicho la mtihani wa zamani, na insha yenye vitenzi vya mkao huonekana kwao kuwa haina hoja. Msahihishaji aweza kujaribu kupiga mstari chini ya kila sentensi ambayo isingeweza kuandikwa na mtu ambaye hakufika Kenyatta Avenue, na kuzitunza alama hizo kwanza. Hoja za uzalendo zifuate, ikiwa zimepata nafasi.