Mgahawa Haununui Kuku, Unanunua Sahani

Swali ninaloulizwa sana hapa Utemini ni hili: "Afisa, kuku wa Singida wanasifika hadi Dar es Salaam, mbona migahawa inatusumbua?" Jibu ni kwamba migahawa ya kukaa na kuhudumiwa mezani imebadilika, ila sisi wengi bado tunafuga kwa ajili ya mnada.

Mnadani mteja anampima kuku kwa macho na mkono. Mpishi wa mgahawa anahesabu sahani, na siku hizi anaangalia mambo matatu.

Kwanza, ukubwa kulingana. Mteja ameshaona picha ya chakula kwenye simu, wengine wanaagiza na bodaboda anawapelekea. Robo ya leo ikiwa ndogo kuliko ya jana, analalamika. Kuku wa kilo 1.7 akiwa hai, akishachinjwa na kusafishwa hubaki takriban kilo 1.2, yaani robo nne za gramu 300.

Pili, muda wa kuiva. Migahawa mingi inahamia kwenye gesi, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unasukuma huko huko. Jogoo mzee ni mtamu kwenye supu, lakini anakula gesi. Kwa rosti na kuchoma, wanataka kuku kijana.

Tatu, uhakika. Ukipeleka kuku 60 Desemba halafu ukapotea hadi Machi, mpishi anahamia kwa kuku wa kisasa, na kumrudisha ni kazi.

Sasa tupige hesabu. Tuseme mgahawa unataka kuku 10 kila wiki, na chotara wako wakilishwa vizuri wanafikia uzito huo wiki ya 14. Ingiza vifaranga 25 kila baada ya wiki 2: 20 wa kuuza, 5 wa kufidia vifo na waliodumaa. Utakuwa na makundi 7, jumla kama 175. Yatenganishe kwa umri, na chanjo ya mdondo usiruke. Rudia kila miezi 3. Kundi moja likifa, ni wiki 2 bila mzigo.

Halafu usiuze chotara kwa jina la kienyeji. Mlaji wa Singida anajua kwa ulimi, na atakayeumbuka ni mwenye mgahawa. Sema ukweli, mpange bei.

Mwisho, hela. Migahawa inapenda mali kauli. Ukikubali, andikianeni: idadi, uzito, bei, siku ya kulipa. Mzigo wa pili usitoke kabla wa kwanza haujalipwa, maana pumba na mashudu huwezi kununua kwa ahadi.

Kwa hiyo kabla hujajenga banda lingine, nenda jikoni kwa mpishi ukamuulize: unauza sahani ngapi kwa wiki? Namba hiyo ndiyo ikupangie idadi ya vifaranga.