Video za Intaneti na Lugha za Indonesia

Indonesia ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000, na wananchi wake huzungumza lugha zipatazo 700. Kuwafikishia burudani watu waliotawanyika hivyo ni kazi ya uhandisi. Lakini njia inayotumika huathiri pia lugha itakayosikika.

Mwezi Julai 1976 roketi ya Marekani iliirusha Palapa A1, setilaiti ya kwanza ya Indonesia. Ilikaa juu ya ikweta, kimo cha kilomita 36,000 hivi, ikipokea mawimbi kutoka ardhini na kuyarudisha visiwani kote kwa pamoja. Wakati huo stesheni ya televisheni ilikuwa moja tu, TVRI ya serikali. Kwa kuwa wote walitazama kipindi kile kile, lugha ya taifa, Kiindonesia, ndiyo iliyotawala.

Video ya intaneti husafiri kwa namna nyingine. Hukatwa vipande vya sekunde chache, navyo huhifadhiwa katika kompyuta zilizo karibu na watazamaji, kila kipande kwa viwango kadhaa vya ubora. Simu huomba kipande baada ya kipande, ikichagua kiwango kulingana na nguvu ya mtandao. Hivyo kila mtu hutazama chake, na lugha moja hainyimi nyingine nafasi.

Matokeo yake ni dhahiri. Didi Kempot wa Surakarta, aliyeanza kwa kuimba barabarani, alikuwa ameimba kwa Kijava kwa miaka mingi. Mwaka 2019 video za matamasha yake zilienea kwa kasi miongoni mwa vijana. Alipofariki Mei 2020, aliombolezwa nchi nzima. Naye Bayu Skak wa Malang, aliyejulikana kwanza kwa video zake za intaneti, alitoa mwaka 2018 filamu ya "Yowis Ben", ambayo mazungumzo yake mengi ni ya Kijava.

Hata hivyo, Kijava kina wasemaji makumi ya mamilioni. Programu zinazopendekeza video huzingatia, pamoja na mengine, jinsi watu wanavyozitazama. Kwa kipimo hicho, lugha ya Papua yenye wasemaji elfu chache huanza ikiwa nyuma.

Isitoshe, vipande hivyo havifiki pasipo njia. Mradi wa Palapa Ring, uliokamilika mwaka 2019, ulitandaza nyaya za nyuzi za kioo baharini na nchi kavu, na Juni 2023 setilaiti ya SATRIA-1 ilirushwa kuhudumia shule, zahanati na ofisi za mbali. Mitambo hiyo hupanua njia tu. Lugha ndogo zitasikika iwapo wenye lugha hizo watapata vifaa vya kurekodi, na watoto wao wataendelea kuzisema.