Kupima Unyevu wa Udongo wa Nachingwea na Ruangwa Kutoka Angani

Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu kutoka Uingereza, ukiongozwa na John Wakefield, ulizunguka kwa majuma tisa katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, mara nyingi kwa ndege, ili kutafuta ardhi ya kulima karanga. Mpango wa Karanga ulianza mwaka 1947, Nachingwea ikiwa mojawapo ya sehemu zake, na ukaachwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi. Mojawapo ni kwamba mvua na udongo havikujulikana vya kutosha. Leo ardhi hiyo hiyo hupitiwa na satelaiti kila baada ya siku mbili au tatu. Je, satelaiti hizo huona nini?

Kila kitu kilicho na joto kupita sifuri kamili hutoa mnururisho. Sehemu kubwa ya mnururisho wa udongo haionekani kwa macho, na kiasi kidogo sana hutoka katika mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimeta 21 hivi. Mawimbi hayo hupenya mawingu bila taabu, jambo lenye thamani kubwa katika nchi ya Kusini ambako wingu hutanda wakati wa masika, yaani wakati ule ule mkulima anapohitaji habari. Satelaiti ya SMOS ya nchi za Ulaya, iliyorushwa mwaka 2009, na ile ya SMAP ya Marekani, iliyorushwa mwaka 2015, hupokea mawimbi hayo.

Maji huingiaje katika habari hii? Molekuli ya maji ina upande wenye chaji chanya na upande wenye chaji hasi, hivyo hugeukageuka kufuata uga wa umeme wa wimbi. Kipimo cha sifa hiyo, kiitwacho kigezo cha dielektriki, ni karibu 80 kwa maji, lakini ni 3 au 4 tu kwa udongo mkavu. Udongo ukilowa, sehemu kubwa zaidi ya mawimbi yanayotoka chini hugonga uso wa ardhi na kurudishwa ndani. Tuseme joto la udongo ni kelvini 300. Shamba tupu lililo kavu hutoa asilimia 95 ya mnururisho unaowezekana, nalo huonekana angani kama kitu chenye kelvini 285. Likilowa na kutoa asilimia 65, huonekana kama kelvini 195. Tofauti ni 90. Ni kubwa mno, wala haihitaji ustadi kuitambua.

Lakini Nachingwea na Ruangwa si shamba tupu. Kuna mikorosho na kuna miombo. Tufikirie majani yanayopitisha nusu ya mawimbi na kumeza nusu nyingine, nayo yana joto lile lile la kelvini 300. Kitu kinachomeza mawimbi huyatoa pia. Udongo uliolowa hupeleka 195, na nusu yake, yaani 97.5, hupita. Majani yenyewe hutoa 150 kwenda juu. Hutoa pia 150 kwenda chini, ambazo asilimia 35 huakisiwa na udongo, na nusu ya hizo, kama 26, hutoka. Jumla ni karibu 274. Mwanafunzi akirudia hesabu kwa udongo mkavu atapata karibu 296. Ile tofauti ya 90 imebaki 22!

Kwa hiyo satelaiti haipimi maji. Hupima mnururisho, kisha modeli ya hisabati hukisia maji yaliyomo katika sentimeta 5 za juu, baada ya kudhani kiasi cha majani na ukwaru wa uso wa ardhi. Dhana ikikosea, jibu hukosea. Miombo ina tabia ya kuchipua majani mapya kabla mvua hazijaanza. Modeli inayodhani kwamba majani hufuata mvua itadanganyika mnamo Oktoba, wakati mkulima anaposubiri kupanda. Tena, kipimo kimoja cha SMAP hukusanya eneo lenye upana wa kilomita 40 hivi, ambalo ni karibu na umbali wa moja kwa moja kati ya mji wa Nachingwea na mji wa Ruangwa. Bonde, kilima, shamba la ufuta na msitu vyote hupewa namba moja.

Ndiyo maana modeli hulinganishwa na udongo wenyewe, na kazi hiyo haihitaji vifaa vya ghali. Chukua mkebe wa sentimeta za ujazo 100, uujaze udongo wa juu bila kuuvuruga, upime uzito. Ukaushe katika tanuri kwa nyuzi 105 za Selsiasi muda wa saa 24, upime tena. Uzito wa udongo ukishuka kutoka gramu 150 hadi 130, maji yalikuwa sentimeta za ujazo 20, yaani asilimia 20 ya ujazo. Shule ichague mahali pengi: shamba tupu, chini ya mkorosho, bondeni. Udongo uchukuliwe kiasi cha saa 12 asubuhi, kwa kuwa wakati huo satelaiti zote mbili huweza kupita, na joto la majani na la udongo hukaribia kulingana, kama tulivyodhani katika hesabu yetu.