Damu na Usaha kwa Mama Aliyekoma Hedhi

Mama aliyekoma hedhi miaka mingi akiona damu au uchafu wenye harufu ukeni, mara nyingi hunyamaza. Anaogopa watu watasema ana ugonjwa wa zinaa. Si lazima iwe hivyo.

Umri ukisogea, mlango wa mji wa mimba waweza kusinyaa hata kuziba. Majimaji hukosa pa kutokea, vijidudu huzaliana, usaha hujaa. Kinachoziba chaweza pia kuwa uvimbe au saratani. Wengine huumwa tumbo chini ya kitovu na kupata homa. Wengine hawasikii maumivu. Mji wa mimba ukipasuka, usaha humwagika tumboni na mgonjwa aweza kufa.

Dawa za dukani pekee hazitoshi. Daktari huchunguza mlango wa kizazi, hupiga picha ya ultrasaundi, hutoa usaha na kuchukua kinyama cha kupima saratani.

Ninyi mlioko Goweko, anzeni zahanati. Mkipewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Kitete, Tabora mjini, msiahirishe. Nanyi mabinti, muulizeni mama kwa upole, kisha mmsindikize.